Stesheni Yenye Choo

Stesheni nzuri ya kuangalia treni ni ile yenye choo. Hayo mengine yote ni mapambo. Kuna watu watakaokwambia habari za kona ya reli, na upande wa jua, na daraja la kusimama juu yake, na sokoro mwenyewe alikuwa na masharti yake ambayo nitayaeleza. Lakini mimi ndiye niliyebeba mfuko wa mkojo, kwa hiyo nisikilizeni mimi kwanza.

Sokoro ni babu kwa Ekegusii, lugha yetu. Alikuwa baba yake baba, na nyumba yake ilikuwa ng'ambo tu ya uzio wetu, huku Ekerenyo. Saratani ya tezi dume ilimshika akiwa mzee tayari, na tulipomfikisha hospitalini mjini Kisii ilikuwa imeshaingia mifupani. Walimtia mpira wa mkojo, wakatuonyesha jinsi ya kubadilisha mfuko, kisha daktari akatuita pembeni, mimi na baba, akasema tumrudishe nyumbani na tumpe chochote anachotaka. Nyote mnajua maana ya daktari akisema hivyo.

Alichotaka ni kuona treni.

Sasa, kwetu hakuna reli. Kisii yote, Nyamira yote, hakuna. Ukisema unaenda stesheni, mtu atadhani umeishiwa petroli au umeitwa na polisi. Watoto wa shule huchora treni kwa kutazama kitabuni, na mwalimu anayewasahihisha huenda naye hajaiona. Kwa hiyo nilipoileta habari hiyo jikoni, mama aliacha kuchambua managu.

"Nyama hataki?" akaniuliza kwa kunong'ona. "Muulize vizuri. Labda ni nyama."

"Anataka treni, mama."

"Treni ya nini?"

"Ya kuangalia tu."

Mama akanitazama, kisha akarudi kwenye mboga zake. "Basi mgonjwa amefika mbali," akasema.

Lakini hakuwa ameweweseka. Alipokuwa kijana, kabla ya chai kuenea kwenye vilima vyetu, alishuka kwa miguu hadi kwenye mashamba ya miwa huko tambarare akaajiriwa kukata miwa. Jumamosi alikuwa kanisani, kwa sababu sisi ni Wasabato. Jumapili wenzake wakienda kunywa, yeye alienda stesheni kukaa. Alikaa akiangalia treni zikija na kuondoka, basi. Huko ndiko alikomwona marehemu mkewe, msichana wa kutoka huku kwetu, akiwauzia abiria ndizi mbivu dirishani na kukimbia sambamba na behewa hadi alipwe. Hilo aliniambia mara moja, na nilipomwomba arudie alisema hakumbuki kusema kitu kama hicho.

Mimi ndimi niliyepewa jina la huyo marehemu. Na kwetu jina si kitambaa tu cha kumfunika mtoto. Kwa sokoro mimi nilikuwa mke wake. Aliniita hivyo tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, akinidai chai na kunilaumu mbele ya wageni kwamba sijui kupika. Kwa baba mimi ni mama yake. Baba hajawahi kuniita kwa jina langu hata siku moja. Akinihitaji huita "Mama!" na sisi wawili, mimi na mama yangu mzazi, tunajua kwa sauti yake anamwita nani.

Ndiyo sababu ule mfuko ulikuwa wangu. Kuna kitu tunaita ensoni. Mtu wa nje atasema ni aibu, lakini si aibu ya mtu aliyefanya kosa. Ni ukuta kati ya mzazi na mtoto. Baba yako humwoni uchi, hakuoni uchi, hukai kitandani pake, wala yeye haingii chumba chako ukishaoa. Mama yangu, kama mke wa mtoto, hata kumpa sokoro kikombe mkononi hakuweza. Alikiweka mezani, akaondoka. Ila mjukuu na babu yake hawana ukuta. Wanataniana, wanatukanana, wanashikana. Mama hangeweza kumgusa, baba hangeweza kumgusa, majirani hatukutaka waone, na mimi ni fundi wa nguo pale sokoni, sina mume wa kunidai niwe kwake jioni. Basi kazi ikanijia yenyewe. Niliushonea mfuko ala kwa kitambaa cha sare ya shule nilichonunua kwa Mhindi mjini Kisii, rangi ya samawati, na mshipi wa kuufunga pajani. Sokoro alipouona alisema, "Sasa nimeandikishwa darasa la kwanza." Nilicheka hadi nikamwaga maji.

Baba ana pikapu ya kubebea ndizi. Hununua kwetu, na Keumbu, na popote zilipo, akazipeleka Kisumu. Njia ilikuwepo, basi. Kilichobaki ni kuchagua mahali na siku, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Tuliambiwa kwamba treni ya abiria inashuka asubuhi ya Jumamosi, na ikirudi hupanda giza likishaingia. Kwa hiyo mtu anayetaka kuiona kwa mwanga lazima aione Sabato.

"Sitaki," sokoro akasema.

"Yesu alisema ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato atolewe," nikamwambia.

"Ng'ombe, ndiyo. Treni imetumbukia wapi?"

Nilimbembeleza, nikamtisha, nikamwambia Mungu si askari wa trafiki. Wapi! Alikuwa mzee wa kanisa tangu kanisa letu likiwa la udongo, na alisema hawezi kumaliza vibaya kitu alichokianza vizuri. Zikabaki treni za mizigo, ambazo hazina siku wala saa.

Majina ya stesheni tulizokwenda sitayataja. Watu wa huko hawakutukosea kwa lolote.

Ya kwanza ilikuwa ya mjini, na ilikuwa wazo la baba. Alisema stesheni kubwa haiwezi kukosa treni. Tuliketi watatu mbele ya pikapu, baba akiendesha, sokoro dirishani, mimi katikati yao ili paja la mtu lisiguse paja la baba yake. Sokoro alikuwa amevaa suti yake ya kanisani na kofia. Pale tulikuta mabehewa yamesimama kwenye reli bila kichwa. Sokoro aliyatazama muda mrefu.

"Hiyo ni maiti," akasema. "Mmenileta kuangalia maiti?"

Tukangoja. Mfuko ulijaa kabla sijatambua, kwa sababu njiani alikuwa amekunywa chai ya watu wawili, na mpira ukajikunja. Choo sikukiona. Niliyemuuliza naye alikuwa mgeni, akanielekeza tulikotoka. Niliporudi mbio, suti ya sokoro ilikuwa imeloa hadi gotini, na baba alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwake, amempa mgongo, anatazama ukuta. Alikuwa ameona. Sokoro alijua ameona. Nilimfunika kwa leso yangu nikampeleka garini, na kutoka hapo hadi Ekerenyo sikusikia sauti ya mtu, ni injini tu na mimi mjinga niliyejaribu kuongea habari za bei ya ndizi.

Sokoro hakula siku hiyo wala kesho yake. Baba naye akaacha kwenda kumjulia hali asubuhi. Alisimama upande wetu wa uzio, akauliza kwa sauti kama amelala vizuri, akaenda zake. Nilipomwambia sokoro tutajaribu tena aligeukia ukutani. "Nisifedheheke tena mbele ya yule mtoto," akasema. Yule mtoto alikuwa na mvi. Basi hapo ndipo nilipojua stesheni inachaguliwaje.

Hata hivyo hamu ilimrudia. Nilimkuta siku moja amekaa kitandani, ananieleza bila kuulizwa kwamba watu wengi hukosea kwa kwenda mahali pa tambarare. Treni ya tambarare inakupita kama mtu anayekudharau. Nenda mahali inapopanda, akasema, pale inapohema, kwa sababu hapo utaiangalia mpaka ushibe. Usikae katikati ya jukwaa, kaa mwisho, upande inakotokea, upate kuiona ikiwa ndogo kwanza. Na jua likae kisogoni pako. Alikuwa akinionyesha kwa mikono, ile mikono iliyobaki mifupa, na uso wake ulikuwa umechangamka. Roho iliniuma. Nikamwambia nimesikia, mume wangu, na mimi nina sharti moja tu.

Ya pili alichagua yeye. Ilikuwa katikati ya miwa, karibu na alikofanya kazi ujanani, na ndiyo ile ya ndizi, ingawa hakukiri. Tulikuta nyasi hadi magotini, mbuzi wamelala kwenye kivuli cha jengo, na madirisha hayana vioo. Choo kilikuwa miwa yenyewe. Kila baada ya muda tulisikia ngurumo, sokoro anasimama, ananishika bega, anavua kofia sijui kwa nini, na linatokea trekta la miwa. Ikawa hivyo tena na tena. Mwishowe hakusimama, alitikisa kichwa tu na kusema, "Trekta." Nami nikazoea, ngurumo ikija, nasema trekta, inakuwa trekta. Tulirudi na jua likiwa bado juu kwa sababu maumivu yalimzidi.

Baada ya hapo alishuka haraka. Dawa ya maumivu tuliyopewa ilimfanya alale mchana, na akiamka alikuwa haulizi chai. Masikio nayo yakaanza kumwacha. Nilijua tuna safari moja, zikizidi sana ni mbili. Nikamwambia baba, siku ya kupeleka ndizi nitakwenda nawe, nitatafuta mwenyewe. Baba aliniacha barabarani, nikachukua pikipiki, nikazunguka stesheni za upande wa mlima nikiwauliza watu maswali mawili: treni ya mizigo inapita lini, na choo kiko wapi. Walinitazama vile mnavyojua. Mama mmoja aliyekuwa akifagia jukwaa ndiye aliyenijibu kama mtu. Alisema kuna ya matangi ya mafuta ambayo hupanda Jumatano, mara nyingi kabla ya chakula cha mchana, si lazima lakini mara nyingi. Kisha akanipeleka chooni. Kilikuwa kimejengwa kwa mawe, kikavu, kimepakwa chokaa, mlango wa mabati wenye komeo la ndani, na kiko mwisho wa jukwaa, upande ule ule treni inakotokea, mlango ukitazama reli. Mbele yake kulikuwa na benchi. Reli inapanda na kupinda kidogo. Jua la asubuhi nyuma yako. Haki ya Mungu, niliruka. Masharti yake yote na langu moja yalikuwa pale mahali pamoja.

Jumatano tukaenda. Alikuwa hawezi tena kuvaa suti, inampwaya, basi nilimvalisha suruali ya kamba niliyomshonea na koti juu yake, na kofia. Baba alimbeba hadi kwenye pikapu, akiwa amemzungushia blanketi lote kama mzigo wa vyombo ili mkono usiguse mwili. Tulipita soko la Ekerenyo na mtu mmoja akatupungia akidhani tunaenda hospitali.

Tulifika asubuhi. Baba alimweka kwenye benchi na mimi nikakaa karibu naye. Baba akasimama mbali kidogo, mikono nyuma. Sokoro aliangalia reli, akaangalia kule inakopinda, akageuka kuangalia jua liko wapi. Halafu akanipiga kidogo gotini.

"Nani alichagua?" akauliza.

"Mkeo."

"Basi umejifunza kitu kimoja. Kupika bado."

Nadhani hiyo ndiyo saa njema ya mwisho niliyokaa naye. Alinieleza kwamba kichwa cha treni kikiwa bado hakionekani utakiona kwanza kwenye uso wa watu. Nikamwambia hapa hakuna watu. Akasema yupo baba yako, muangalie yeye. Baba alikuwa akitazama kona kwa bidii kama amelipwa. Nilicheka, naye sokoro akacheka, na alipocheka akashika tumbo. Mfuko ulikuwa mtupu. Mpira ulikuwa umeziba, na mkojo unatafuta njia nyingine.

"Twende," nikamwambia. "Ni hapa tu, nyuma yetu."

"Ngoja ipite kwanza."

"Itapita lini? Unataka iwe kama ile siku?"

Hakubisha tena. Nilimshika kwapani tukaenda polepole, nikafunga komeo. Ndani mlikuwa na mwanga wa kutosha kutoka kwenye upenyo wa chini ya mlango na tundu la juu. Nilimfungua kamba ya suruali, ikashuka hadi vifundoni, nikamweka mikono ukutani asimame. Kazi yenyewe sitaieleza yote. Unanyoosha mpira, unausukasuka, unasubiri, unafungulia mfuko. Damu ilikuwemo. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, nikiomba.

Nje baba akakohoa.

Kwetu mtu akikaribia choo hukohoa, na aliye ndani hukohoa kumjibu, maana yake nipo, subiri. Ni adabu ya kila siku, mtu haifikirii. Sokoro, pamoja na masikio yake mabovu, alikisikia kikohozi cha mwanawe, akajikaza akakohoa naye. Baba akakohoa tena, kwa nguvu. Sokoro akamjibu tena. "Huyu ana haraka gani?" akaniuliza. "Si aende kwenye miwa."

Nilisikia ngurumo. Nilisema ndani yangu, trekta.

Baba akakohoa mfululizo kama mtu aliyepaliwa, na hapo ikalia honi. Si honi ya trekta. Sakafu ikaanza kutetemeka chini ya magoti yangu, na bati la mlango nalo likatetemeka, na sokoro akainua uso.

"Ni yenyewe," akasema.

Nilisimama. Mlango ulikuwa mkononi mwangu na reli hatua chache mbele yake. Nikifungua tu, ataiona akiwa amesimama palepale, inapanda, inahema, imejaa mlango mzima. Nikashika komeo. Mkono wake ukaja juu ya wangu, na sijui nguvu hizo alizitoa wapi.

"Na yule mtoto amesimama wapi?" akaniuliza.

Nilipiga kelele. "Baba! Ondoka! Zunguka nyuma!" Nilipiga kelele hadi koo likaniwasha, lakini kichwa cha treni kilikuwa kimetufikia na sauti yangu ilimezwa yote. Baadaye baba aliniambia alisikia ukelele tu, akadhani mzee ameanguka. Basi akafanya nini? Akasogea. Kwenye ule upenyo wa chini niliviona viatu vyake vikija hadi mlangoni kabisa, vile viatu vya ngozi alivyovaa kwa heshima ya siku hiyo, vikasimama, vikageuka huku na huku. Sokoro naye aliviona, akakaza mkono.

Nilijaribu kumvuta suruali juu, lakini mpira ulinasa kwenye kamba, na nikivuta unamuumiza. Alilia kidogo. Nikaacha. Tukasimama hivyo, mimi nimemshika kiuno, yeye ameshika komeo, na treni inapita. Ilikuwa ndefu. Mlima ule niliouchagua mwenyewe ili ipite polepole, ikapita polepole. Matangi yaligonga maungio ya reli moja baada ya jingine, na mwanga wa chini ya mlango ukawa unazimika na kuwaka, unazimika na kuwaka, juu ya miguu yake iliyokuwa wazi. Aliuangalia huo mwanga. Halafu ukawaka na haukuzimika tena.

Nilimfunga kamba, nikamfunga mfuko, nikamnyooshea kofia. Nilipofungua mlango baba alikuwa ameshakwenda kusimama kando ya benchi, ametupa mgongo. Kona ilikuwa tupu. Kulikuwa na harufu ya dizeli, basi. Yule mama wa kufagia alikuwa upande wa pili wa jengo, akaja akitabasamu, akauliza, "Mzee ameiona?" Hakuna aliyemjibu, na ninamwomba msamaha kwa hilo, maana hakujua.

Njiani nilikaa katikati yao kama kawaida. Nilikuwa na hasira mpaka meno yalikuwa yananiuma. Tulikuwa tumeshaanza kupanda kuelekea kwetu, chai imeanza kuonekana pande zote mbili, sokoro alipozungumza, na alizungumza na baba, si mimi. Tangu ile siku ya suti iliyoloa alikuwa hajamwambia neno moja kwa moja.

"Kichwa chake kilikuwa rangi gani?"

Baba alibadilisha gia.

"Sijui, baba," akasema. "Sikuiangalia. Nilikuwa naangalia mlango."

Sokoro alitikisa kichwa taratibu kukubali, kama mzee wa kanisa aliyesomewa fungu na akaridhika nalo. Akanyoosha mkono mbele ya kifua changu, akaushika mkono wa baba uliokuwa kwenye usukani. Sijawahi kuwaona wakishikana kabla ya hapo.

"Umefanya vizuri, mwanangu," akamwambia.

Baba aliendesha gari akilia bila kupangusa uso, kwa sababu kupangusa kungemlazimu auondoe ule mkono. Mimi nilitazama mbele. Nilitamani kuwapiga wote wawili.

Jumatano iliyofuata ilimkuta sokoro yuko mochari. Tulimzika kando ya nyumba yake, mkono wa kulia, na mchungaji alisema sana kuhusu mtu aliyeitunza Sabato maisha yake yote. Watu waliitikia amina. Kile kifuko cha samawati nilikifua nikakitundika kwenye uzio, kikakaa hapo hadi mvua ikakipausha, maana hakuna aliyetaka kukiondoa, hata mimi.

Nimevumilia muda mrefu bila kusema. Lakini juzi tulikuwa tunapakia ndizi, mimi na baba, na maneno yakanitoka. Nilimwambia kwamba alichotaka yule mzee duniani kilikuwa kimoja, na tulikifikisha hadi mlangoni kwake. Nikamwambia, si ungeita tu? Neno moja tu. Ungeniita, ningejua ni treni na si trekta, ningemtoa mapema, angalau ningemfunika.

Baba aliweka mkungu chini. Sikuwa nimewahi kumwona amechoka vile.

"Ningekuitaje?" akaniuliza.

Nilifungua mdomo nimjibu, kisha nikaelewa anachoniuliza. Baba yake yuko uchi nyuma ya mlango uliokomewa, na aliye naye ndani ni mimi, na jina ambalo baba ananiita maisha yangu yote ni moja tu. Angesimama pale nje, na mvi zake, aite mama yake.

Hasira haikuniisha kwa kuelewa. Nikamwambia, na iwe hivyo, ungeita.

Aliuinua mkungu, akaupanga juu ya mingine, akafunga kamba, akajaribu fundo kama limekaza.

"Mama," akasema, "hata leo ningekohoa tu."